Tukifika pwani tule wapi: hotelini au vibandani?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mwezi ujao tunakwenda likizo kwenye pwani ya joto kwa mara ya kwanza. Tupo mimi, mume wangu, watoto wetu wawili wa miaka 4 na 9, na mama mkwe wangu mwenye miaka 70 ambaye ana kisukari. Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Mume wangu anasisitiza tule hotelini tu, siku zote, kwa sababu anaogopa kuharisha. Mimi natamani samaki wa kuchomwa ufukweni na vyakula vya vibandani, vinginevyo sioni maana ya kwenda. Nani kati yetu ana haki? Na tukitoka, tutajuaje mahali pazuri pa kula?

Jibu: Dada, hongera kwa safari na kwa mtoto anayekuja. Mumeo ana sababu ya kuhofia. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 70 ya wasafiri hupata kuharisha safarini, kutegemea wanakokwenda na majira. Ila dawa anayoipendekeza mumeo, ya kula hotelini tu, haimfikishi anakotaka. Kwenye pwani ya joto, jambo la kwanza la kuuliza ni muda: samaki amekaa saa ngapi bila barafu tangu atoke majini, na chakula kimekaa saa ngapi tangu kishuke motoni. Kitambaa cheupe mezani hakikuambii lolote kuhusu hayo mawili. Kibanda chenye jiko moja la mkaa, kinachochoma samaki huku umesimama unaangalia, mara nyingi kinakupa majibu yote mawili bila hata kuuliza.

Bakteria wengi wanaosababisha ugonjwa huzaliana vizuri kati ya nyuzi joto 5 na 60. Shirika la Afya Duniani liliiweka mipaka hiyo kwenye kanuni zake tano za chakula salama, zilizotoka mwaka 2001. Sasa fikiria hewa ya pwani saa saba mchana, nyuzi 30 na kitu. Chakula kilichoachwa wazi hapo kipo katikati kabisa ya eneo wanalolipenda. Kwa kawaida tunasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja inatosha. Na wapo bakteria wanaokwenda kasi kuliko wenzao. Vibrio parahaemolyticus, anayeishi kwenye maji ya bahari yenye joto, akipata mazingira mazuri anaweza kuongezeka mara mbili ndani ya dakika kama kumi hivi. Huyo aligunduliwa Japani mwaka 1950, baada ya watu 272 wa Osaka kuugua na 20 kufa kwa kula samaki wadogo waliokuwa wamechemshwa na kukaushwa kidogo. Samaki wale walipita jikoni. Kwa hiyo neno "kimepikwa" peke yake halitoshi. Uliza kimepikwa lini.

Ndiyo maana nikiingia hoteli yoyote ya ufukweni, naanza na bufee. Vyombo vile vya chuma hukaa juu ya maji ya moto, na chini yake kuna kitaa cha kupashia. Kitaa kikizimika hakuna anayejua, kwa sababu mfuniko bado unang'aa na chakula bado kina rangi nzuri. Inua mfuniko. Mvuke ukikupiga usoni, sawa. Ukiona utando umeganda juu ya mchuzi, au wali umekauka pembeni na katikati ni vuguvugu, funika uende kwingine. Wali watu hawauhofii, na wangepaswa kuuhofia. Bacillus cereus huacha mbegu zake kwenye mchele, mbegu hizo hustahimili kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi zinaamka na kutengeneza sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Upande wa baridi ni uleule: saladi za mayonezi, kamba waliochemshwa na kupangwa kwenye sahani kubwa, nyama baridi zilizokatwa vipande. Kama havijalazwa kwenye barafu ya kutosha, barafu unayoiona kwa macho, viache.

Sikuambii msile hotelini. Asubuhi ni wakati mzuri sana, hasa kama kuna mpishi anayekaanga mayai papo hapo. Mwambie ayakaushe, ute na kiini, kwa ajili yako na kwa ajili ya mkweo. Kwa bufee ya mchana au ya jioni, mfike mlango unapofunguliwa. Saa mbili baadaye ile meza ni kitu kingine kabisa hata kama haijabadilika sura. Na kwenye hoteli nyingi mnaweza kuagiza chakula cha kupikwa badala ya kuchota. Mkiwa na mtoto wa miaka minne, mimi ningefanya hivyo.

Sasa vibanda na mikahawa ya ufukweni. Watu husema fuata foleni, na ni ushauri mzuri, ila ujue foleni inakupa nini hasa. Haikuambii kwamba mikono ni safi. Inakuambia kwamba chakula hakikai. Sufuria inaisha, nyingine inapikwa, kilichobaki ni kidogo. Kwa hiyo nendeni saa ambazo wenyeji wenyewe wanakula; mkifika saa kumi jioni mahali panapojaa saa saba mchana, mtakula mabaki ya foleni. Menyu fupi nayo ni dalili njema. Kibanda chenye vyakula vinne vinavyouzika kila siku nakiamini kuliko mkahawa wenye kurasa kumi za menyu na wateja watatu, maana hivyo vyakula sitini lazima vimelala mahali fulani.

Kabla ya kukaa, simama kando dakika chache uangalie mambo matatu. La kwanza, mkono unaopokea pesa ndio huohuo unaoshika chakula? Kama ni mtu mmoja, ananawa katikati, au anatumia koleo? Glavu zisikudanganye, glavu iliyoshika noti ni chafu sawa na kiganja. La pili, maji ya kunawa na ya kuoshea vyombo. Maji yanayotiririka na sabuni ni bora kabisa. Ndoo moja ya maji ya kijivu ambamo sahani zote zinachovywa tangu asubuhi inatosha kukuondoa, hata harufu ya jikoni iwe tamu kiasi gani.

La tatu ndilo linalokosewa zaidi, na nimeliona kwenye jiko la hoteli kama nilivyoliona kwenye jiko la mkaa. Mchomaji anatoa samaki mbichi kwenye sinia lenye maji ya damu na viungo, anaiweka kwenye wavu, anaigeuza, inaiva vizuri kabisa, kisha anaitoa kwa koleo lilelile na kuirudisha kwenye sinia lilelile. Au anaikata juu ya ubao uleule aliopasulia mbichi, halafu kwenye ubao huohuo anakata nyanya na limau za kupambia. Moto umefanya kazi yake yote, na kazi hiyo imefutwa kwa sekunde moja. Ukimwona mtu ana sinia mbili, moja ya mbichi na moja ya kilichoiva, kaa hapo. Anajua anachokifanya, na mara nyingi atakuwa anayajua na mengine.

Kisha mwombe akuonyeshe samaki mzima kabla hajamchoma. Hakuna ubaya wowote. Mwenye samaki mzuri hufurahi kuulizwa. Jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama au kuwa na ukungu mweupe. Muombe ainue kifuniko cha shavu uone matamvua: yawe mekundu na yenye unyevu. Yakiwa ya kahawia au kijivu na ute mzito, huyo amechelewa. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama irudi, shimo lisibaki. Mwisho nusa. Samaki mzuri ananukia bahari, karibu hana harufu. Ukisikia harufu ya amonia, ile inayochoma puani, hakuna kiungo kitakachoitibu. Minofu iliyokwisha kukatwa na kulowekwa kwenye viungo huwezi kuisoma hivi, ndiyo maana nashauri mzima. Kaa na kamba-koche wachague wakiwa hai. Kamba wa kawaida wakiwa na vichwa vilivyogeuka vyeusi na vinavyoning'inia, waache.

Hapa niongeze jambo moja kwa sababu watu wanalichukulia kinyume. Wengi hudhani samaki wa friza ni duni na "wa leo" ni bora. Samaki aliyegandishwa mapema na kubaki ameganda ni salama kuliko aliyevuliwa alfajiri akalala juu ya mbao kwenye jua hadi saa sita. Samaki wa maji ya joto, kwa bahati nzuri, hukaa kwenye barafu siku nyingi kuliko wa maji ya baridi, kwa kuwa bakteria wake wamezoea joto na barafu huwalemaza. Lakini barafu lazima iwepo, na tangu baharini. Ukiona kasha la samaki lina barafu nyingi karibu sawa na samaki wenyewe, hapo pana mtu makini. Vipande vitatu vya barafu vinavyoelea kwenye maji vuguvugu ni mapambo.

Kwa nini nasisitiza barafu hivi? Kwa sababu ya sumu ambayo moto hauiwezi. Jodari, vibua na jamaa zao wana kwa wingi kitu kinachoitwa histidini kwenye nyama yao. Wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, na histamini ikishajitengeneza haiondoki kwa kuchoma, kukaanga, wala kugandisha. Samaki anaweza kuonekana wa kawaida na kunukia kawaida. Dalili unayoweza kuipata ni ulimini: ladha kama ya pilipili au mwasho mdomoni mahali ambapo pilipili haikuwekwa. Tema, usile tena, na umzuie mtoto. Ndani ya dakika chache hadi saa moja uso huwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, na wengi hudhani wana mzio wa samaki. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja na dawa za mzio husaidia, lakini kwa mtu wa miaka 70 au mwenye shida ya kupumua, usisubiri, nendeni hospitali.

Ipo nyingine ambayo hata barafu haiizuii, inaitwa sigwatera. Inaanzia kwa viumbe vidogo mno, Gambierdiscus, wanaoota juu ya mwani wa kwenye matumbawe. Samaki wadogo wanakula mwani, wakubwa wanakula wadogo, na sumu inajikusanya kadiri unavyopanda ngazi. Imejulikana zamani: mwaka 1774 mabaharia wa James Cook waliugua hivi baada ya kula samaki kwenye visiwa ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu. Inapatikana Karibi, Pasifiki na Bahari ya Hindi. Huwezi kuiona, kuinusa wala kuionja. Ukiugua, kuharisha hufuatiwa na ganzi midomoni na vidoleni, na jambo la ajabu: maji ya baridi unayahisi kama yanaunguza. Dalili zinaweza kudumu wiki na zaidi. Kinga ni kuchagua. Kwenye pwani zenye matumbawe epukeni samaki wakubwa wawindaji wa mwambani, hasa mzia na chewa wakubwa, na msile kabisa vichwa, maini na mayai yao. Samaki wa saizi ya sahani ni chaguo salama zaidi kuliko kipande cha jitu, na kwa kweli hata utamu wake naona umezidi.

Nikija kwako na mkweo, nitasema wazi. Chaza wabichi, hapana, kwa nyinyi wawili, na nisingewapa watoto pia. Chaza na kome hula kwa kuchuja maji, na chochote kilichomo majini hubaki ndani yao. Mwaka 1988 mji wa Shanghai ulipata mlipuko wa homa ya ini aina ya A wenye wagonjwa karibu 300,000, na chanzo kilikuwa kombe walioliwa bila kuiva vizuri. Kwenye maji ya joto kuna pia Vibrio vulnificus, ambaye kwa mtu mwenye afya hupita mara nyingi bila makubwa, lakini kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa ini au kinga dhaifu anaweza kuingia kwenye damu. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hufariki. Limau halimuui. Samaki mbichi aliyelowekwa kwenye limau hugeuka mweupe na kuonekana ameiva, lakini ni rangi tu iliyobadilika. Na kama mamlaka za mahali hapo zimetangaza kwamba bahari ina mwani wenye sumu, msile chaza wala kome hata wakiwa wamepikwa, kwa kuwa sumu hiyo nayo haiogopi moto.

Kwa mimba yako kuna mambo mengine mawili. La zebaki: samaki wakubwa wanaoishi miaka mingi huikusanya mwilini, na huathiri ubongo wa mtoto unaojengeka. Achana na papa, nduaro na jodari wakubwa. Usiache samaki lakini. Wadogo kama dagaa na wale wa wastani wa sahani moja ni chakula kizuri sana kwako na kwa mtoto, mara mbili au tatu kwa wiki. La pili ni listeria, bakteria anayeweza kukua hata ndani ya friji na ambaye huweza kuharibu mimba. Anapendelea samaki wa moshi wanaoliwa baridi, nyama baridi za bufee na jibini laini la maziwa mabichi. Kwako wewe kanuni ni moja: kila cha nyama na cha bahari kije mezani kikiwa cha moto kinachotoa mvuke. Fungua nyama ya samaki karibu na mfupa. Iwe nyeupe na inaachia vipande kwa uma bila kung'ang'ana. Ikiwa bado inapitisha mwanga kama kioo cha maziwa, irudishe motoni bila aibu.

Vinywaji na matunda nitapita haraka. Dafu likipasuliwa mbele yako ni miongoni mwa vinywaji salama zaidi ufukweni, mradi mpasuaji asitumie panga la kupasulia samaki. Matunda mmenye wenyewe. Yaliyokatwa na kuachwa juani, au juisi iliyoongezwa maji, sivyo. Barafu hugandisha vijidudu, haiwaui, kwa hiyo iulize imetoka wapi. Vipande vya mashine, vyenye umbo moja na tundu katikati, kwa kawaida hutoka kiwandani. Vipande vilivyovunjwa kwa nyundo kutoka kwenye bonge kubwa huenda bonge lenyewe lilikuwa la kuhifadhia samaki. Pilipili na michuzi iliyo wazi mezani tangu asubuhi, mwombe mhudumu alete nyingine mpya.

Mimi ningepanga hivi. Siku ya kwanza kuleni hotelini kwa kuagiza, mmechoka na watoto wana njaa. Jioni hiyo ulizeni wafanyakazi, siyo wa mapokezi, wa bustani na wa usafi, wao wenyewe hula samaki wapi na boti huingia saa ngapi. Siku ya pili nendeni hapo mchana, mapema, na umchukue mumeo akaangalie zile sinia mbili na yale matamvua kwa macho yake. Nadhani hofu yake itapungua akishajua cha kutazama, na mahali akipakataa baada ya kupatazama, mkubalie.

Bebeni pakiti za maji ya chumvichumvi. Zikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mtu anywe kidogokidogo kila anapoharisha. Mkweo na sukari hiyo muulize daktari wake kabla hamjaondoka. Msisubiri asubuhi mkiona damu kwenye choo, homa kali, mtoto asiyekojoa kwa saa sita, ganzi mdomoni, udhaifu wa miguu, au wewe mwenyewe ukipata homa hata bila kuharisha. Mkifika hospitali mwambieni daktari mlikula nini, samaki wa aina gani, na saa ngapi, maana kwa sumu za bahari hayo matatu humfikisha kwenye jibu kabla ya kipimo.